Majina Yaliyo Ndani ya Tope

Tafakari ya juma
Somo: Mambo ya Walawi 14:33–48



Wengi wanaojiwekea nadhiri ya kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja hukwama katika kitabu cha Walawi, na wasiokwama hupita mbio. Sura ya 14 hupitwa mbio kuliko nyingine, kwa kuwa inaongea habari za ukoma, ndege wawili, hisopo, na mwishowe kuta za nyumba. Juma hili nawaomba tusikimbie. Tukae na mistari ile ya mwisho, ambamo kuhani anaitwa kwenda kutazama ukuta.

Mwenye nyumba ameona alama asiyoielewa. Hachukui sururu. Anakwenda kwa kuhani na kumweleza kwamba anaona kitu kama pigo nyumbani mwake, na hata hapo hasemi kwa uhakika. Kuhani naye, kabla hajatia mguu ndani, anaagiza vyombo vyote vitolewe nje, ili nyumba ikitangazwa kuwa najisi, mwenyewe asiipoteze pamoja na vyungu vyake. Naupenda sana mstari huo. Sheria inamfikiria mtu na vyungu vyake kabla ya kuufikiria ukuta. Ndipo kuhani anaingia. Anatazama rangi ya madoa, anatazama kama yamezama ndani kuliko uso wa ukuta. Kisha anatoka, anaifunga nyumba, siku saba zinapita. Anarudi. Pigo likiwa limeenea, yanatolewa mawe yaliyopatwa, hayo tu. Ukuta unakwanguliwa pande zote, mawe mengine yanawekwa mahali pake, udongo mpya unapakwa. Pigo likirudi baada ya kazi yote hiyo, ndipo nyumba inabomolewa. Lisiporudi, kuhani anatangaza kwamba nyumba ni safi, na watu wanaendelea kuishi humo.

Angalieni mpangilio huo. Kutazama kunakuja kwanza, kisha kungoja, kisha kutazama tena, kisha kutengeneza pale palipoharibika. Kubomoa kumewekwa mwisho kabisa, na kuhani harusiwi kukufikia kabla ya kupita hatua nyingine zote.

Nimekaa na sura hii kwa sababu ya jambo linaloendelea huku kwetu Kuria, katika kaunti ya Migori. Kuanzia Ntimaru hadi Kegonga, na ng'ambo ya mpaka kwa ndugu zetu wa Tarime, Tanzania, makanisa ya udongo yanakwisha. Sharika zimekua, watoto wetu walioko mijini wanatuma michango, na kila kamati ya ujenzi inataka kanisa la mawe au la matofali ya kuchoma, lenye madirisha ya vioo na sakafu ya vigae. Hilo ni jema, nami nimesimama kwenye harambee za namna hiyo nikawahimiza watu watoe. Mvua ya huku haina huruma kwa tofali bichi, na hakuna anayestahili kusali huku akinyeshewa. Kinachoniuma ni asubuhi yenyewe ya kubomoa. Vijana wanafika na sururu na nyundo. Saa nne mabati yameshuka. Saa sita kuta ziko chini. Jioni ng'ombe wanapita juu yake. Mvua za Aprili zikishanyesha mara mbili tatu, tofali lililoshika ukuta wa nyuma ya mimbari limerudi kuwa tope, na hakuna aliyepiga hata picha moja.

Nataka kuwaonyesha kile kinachokwenda na tope hilo.

Habari za Injili katika sehemu zetu zimeandikwa kwa majina ya watu wachache. Mwaka 1906 Arthur Carscallen, mmisionari wa Kiadventista kutoka Kanada, alifika Gendia, karibu na Kendu Bay, katika kaunti ya Homa Bay ya leo. Aliandamana na Peter Nyambo, Mwafrika mwenzetu kutoka Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Carscallen anajulikana sana. Nyambo hutajwa mara moja, na msimulizi anaendelea na safari yake. Mwaka 1934 Wamennonite Elam Stauffer na John Mosemann walianza kazi Shirati, ng'ambo ya mpaka, kando ya Ziwa. Watu hao walikuwa na kalamu, na kwao kulikuwa na watu waliongoja barua. Barua zikatunzwa, ripoti zikatunzwa. Namshukuru Mungu kwa kazi yao na kwa karatasi zao.

Lakini udongo haukujichimba. Kila kanisa la tofali bichi lilihitaji shimo la udongo, na shimo lilihitaji maji, na maji yalikuwa mtoni, mbali. Vijana walikanyaga tope kwa miguu mpaka likaiva. Wazee walikata miti ya paa. Akina mama walibeba maji, walibeba nyasi, na ukuta uliposimama ni wao walioupaka, maana kwa Wakuria, kama kwa majirani wetu wengi, kusiriba ukuta kwa udongo na samadi ni kazi ya mikono ya mama. Mama mmoja wa ushirika wetu, ambaye sasa anatembelea fimbo, aliwahi kunieleza jinsi yeye na wenzake walivyoambiwa kila msichana alete mtungi mmoja kabla ya kwenda shambani. "Mchungaji," akaniambia, "sisi hatukujua kusoma, lakini kanisa lile tulilinywesha."

Ubatizo wake umeandikwa kwenye daftari la kanisa. Kwamba alibeba maji hakujaandikwa popote ila ukutani.

Maneno hayo si pambo la mahubiri. Ukuta wa tope husomeka kweli, na wako watu waliosomea kazi ya kuusoma. Chukueni tofali moja bichi la zamani mlivunje kwa upole. Ndani mtaona makapi: mabua ya mtama, nyasi, maganda ya wimbi. Makapi ndiyo yanayozuia tofali lisipasuke likikauka juani. Wana wa Israeli walionewa kwa ajili ya makapi hayohayo, Farao alipowanyima na bado akadai hesabu ileile ya matofali, kama tusomavyo katika Kutoka 5. Mtaalamu akiyatazama makapi hayo anajua watu walilima nini msimu ule. Kwa kuta za kale sana, bua moja hupelekwa maabara kupimwa kaboni, na umri wa ukuta ukakadiriwa. Kwa ukuta wa babu zetu, ambao haujafika miaka 100, kumbukumbu ya mzee aliye hai ina nguvu kuliko kipimo hicho.

Geuzeni tofali. Upande mmoja una chapa ya ardhi lilipoanikwa. Upande mwingine una mifereji minne, wakati mwingine mitatu, pale mtu alipopitisha vidole kulisawazisha kwenye fremu ya mbao. Mifereji hiyo ikiwa myembamba, huenda alikuwa mtoto. Pengine mtakuta na unyayo wa kuku au wa mbwa aliyepita tofali likiwa bado bichi. Pimeni urefu wa matofali kuanzia chini kwenda juu. Mkifika mahali ambapo yote yanabadilika ghafla, huenda fremu ya kwanza ilivunjika ikatengenezwa nyingine, au kazi ilisimama kwa ajili ya mavuno ikaanzishwa tena na watu wengine.

Pembe za jengo ndizo mwanaakiolojia huzitazama kwa makini zaidi. Matofali ya kuta mbili yakiwa yameumana, moja likiingia kwa mwenzake, kuta hizo zilipandishwa pamoja. Kukiwa na mshono ulionyooka toka juu hadi chini, ukuta mmoja uliletwa baadaye ukaegemezwa kwa mwenzake. Mshono huo unaeleza kwamba kanisa lilikuwa dogo, kisha watu wakazidi. Sidhani kuna ripoti ya uinjilisti iliyo wazi kuliko hiyo.

Halafu kuna udongo uliosiribwa mwaka baada ya mwaka, matabaka yamelaliana kama maganda ya kitunguu. Mtaalamu hafumui ukuta wote. Huchagua sehemu yenye upana wa kiganja, hukwangua tabaka moja baada ya jingine kwa kisu kidogo, na huacha kila moja lionekane kidogo, kama ngazi. Anayahesabu. Anaandika rangi ya kila moja. Tabaka jeusi lililobanwa kati ya mawili meupe ni masizi, yaani miaka ambayo watu walikesha humo kwa taa za mafuta. Tabaka nene lisilo na makapi lilipakwa kwa haraka. Jembamba na laini lilipakwa na mtu aliyeijua kazi yake na kuipenda. Hatujui jina lake, lakini kazi yake tunaitambua kutoka kwa kazi ya jirani yake.

Wapo wanaoona haya kwa sababu kanisa lao ni la udongo, kana kwamba nyumba ya Mungu huanza kuwa nyumba ya Mungu siku saruji inapofika. Hao nawapeleka Misri, hapa hapa Afrika. Katika oasisi ya Dakhla, jangwani upande wa magharibi, kuna mji uliofunikwa na mchanga uitwao Kellis, ambao leo mahali pake huitwa Ismant el-Kharab. Kikosi cha wanaakiolojia kutoka Chuo Kikuu cha Monash, Australia, kikiongozwa na Colin Hope, kilianza kuuchimba miaka ya 1980, na Gillian Bowen akayachunguza makanisa yake. Yalijengwa kwa matofali mabichi. Kubwa kati yake lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 4, siku za Kaisari Konstantino, nalo ni miongoni mwa majengo ya zamani kabisa yanayojulikana Misri ambayo tangu msingi yalikusudiwa kuwa kanisa. Karibu yake kuna dogo, ambalo Wakristo walilipata kwa kugeuza vyumba viwili vilivyokuwepo. Hakuna jiwe la ufunguzi lililoandika tarehe. Tarehe ilitoka kwenye sarafu na vigae vya vyungu vilivyoangushwa sakafuni na watu waliokuja kusali. Mji ulihamwa karne hiyohiyo ya 4 ilipokuwa ikielekea mwisho, mchanga ukaingia, na tope likangoja miaka 1,600.

Hata hivyo ukuta ninaourudia mara nyingi katika maombi yangu uko Syria, kando ya mto Frati, mahali paitwapo Dura-Europos.

Ulikuwa mji wa ngome chini ya Warumi. Mwaka 1920 askari wa Kiingereza waliokuwa wakichimba handaki walikuta michoro ukutani, na baadaye Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani na wasomi wa Ufaransa wakachimba pale kuanzia 1928 hadi 1937. Mwanzoni mwa 1932, wakati Clark Hopkins akiongoza kazi uwanjani, waligundua kwamba nyumba moja iliyokuwa karibu na ukuta wa mji ilikuwa kanisa. Ilikuwa nyumba ya kawaida, yenye ua katikati, kuta za matofali mabichi juu ya msingi wa mawe, na ripu juu yake. Ripu hiyo ilipokuwa bado mbichi mtu alikwaruza tarehe ambayo kwa hesabu yetu ni mwaka 232 au 233. Miaka michache baadaye Wakristo waliifanya mahali pa ibada. Konstantino alikuwa hata hajazaliwa. Imani yao haikuwa na ruhusa ya serikali.

Tazameni walivyofanya. Hawakuibomoa nyumba. Waliondoa ukuta mmoja uliotenganisha vyumba viwili, wakapata ukumbi wa mita 13 hivi kwa 5, wenye nafasi ya watu wapatao 70. Upande mmoja waliinua jukwaa dogo. Chumba kingine wakakifanya pa kubatizia, wakajenga birika lenye paa dogo la nguzo, na juu ya paa hilo wakachora nyota. Kwa macho ya mtu wa Ntimaru ukumbi ule si mgeni. Kanisa la kijiji chetu lina ukubwa kama huo, na pengine udongo wake ni wa rangi ileile.

Kwenye kuta za chumba cha ubatizo walichora. Juu ya birika yuko Mchungaji aliyebeba kondoo mabegani. Yuko mtu aliyepooza, amelala, kisha yuleyule amebeba kitanda chake mgongoni. Petro yuko majini na Bwana, mashua nyuma yao. Wako wanawake wanaotembea na mienge, na wasomi bado wanajadiliana kama wanakwenda kaburini au arusini. Na mahali pamoja yuko mwanamke anayeinamia kisima kuteka maji, ambaye wengi humtambua kuwa yule Msamaria wa Yohana 4. Katika kanisa la kale kuliko yote yaliyofukuliwa mpaka sasa ambayo umri wake unajulikana vizuri, mmoja wa watu waliopewa nafasi ukutani ni mama anayeteka maji.

Na kuna majina. Mtu mmoja aliyeitwa Proclus ameandikwa kwa kukwaruzwa ukutani, akiombewa akumbukwe. Mwingine ni Siseos, aliyetajwa kuwa mnyenyekevu. Hatujui lolote jingine juu yao. Hatujui kazi zao, wake zao, wala walikufaje. Tunachojua ni kwamba waliingia katika chumba cha tope kumtafuta Kristo, na kwamba yeyote aliyekwaruza majina yale aliamini ukuta utayashika. Ukuta uliyashika.

Mwaka 256 hivi jeshi la Uajemi likauzingira mji. Askari wa Kirumi, wakitaka kuutia nguvu ukuta wa ngome, waliijaza barabara ya pembeni kwa udongo na matofali mabichi, na nyumba zilizoelekeana nayo zikafukiwa: nyumba za watu, kanisa, na sinagogi la Wayahudi lililokuwa kwenye barabara ileile. Mji ulianguka pamoja na juhudi hizo zote na haukukaliwa tena. Udongo ule uliomwagwa kwa hofu ya vita ndio uliohifadhi michoro karibu miaka 1,700. Sisemi Mungu aliileta vita ili ahifadhi picha. Ninachoona ni kwamba aliwahifadhi Proclus na Siseos kwa udongo, kitu alichoanza nacho kazi yake juu yetu katika Mwanzo 2.

Kuna sehemu ya pili ya habari hii, nayo inanifanya nisilale juu ya jambo hili. Michoro ilikatwa ukutani ikasafirishwa hadi Yale, New Haven, na rangi zake zimefifia sana. Kule Syria, vita vilivyoanza 2011 viliwaletea wezi wa mambo ya kale nafasi, na picha zilizopigwa kutoka angani zinaonyesha uwanja wa Dura umejaa mashimo. Leo mtu akitaka kujua kuta zile zilikuwaje, anategemea vipimo, michoro ya kalamu na picha zilizofanywa na wachimbaji wa miaka ya 1930, na ripoti kamili ya Carl Kraeling iliyotoka 1967. Kama wangefukua na kubeba vizuri tu, bila kuandika, Siseos angepotea mara ya pili.

Kazi hii imefanyika hata ndani ya kaunti yetu. Wengi wenu mmefika Thimlich Ohinga, huku Migori, mkaona kuta zile za mawe zilizopangwa bila tope wala saruji, nyingine ndefu kuliko kimo cha watu wawili. Zimesimama tangu karne ya 16 hivi, na mwaka 2018 UNESCO iliziweka katika orodha ya Urithi wa Dunia. Waliozijenga hawakuacha hata mstari mmoja wa maandishi. Waliotuelewesha ni watafiti waliokaa na ukuta: Simiyu Wandibba katika miaka ya 1980, kisha Isaya Onjala, aliyezunguka Nyanza Kusini na kuorodhesha maboma ya namna hiyo zaidi ya 500. Ni wao waliotuonyesha kwamba ukuta ule una safu mbili za mawe, ya nje na ya ndani, na kati yake mawe madogo ya kujazia yanayozishikamanisha. Mtalii anapita akisema ni mawe tu. Mtafiti alipiga magoti akaona akili ya mjenzi.

Kabla sijafika kwenye ombi langu, neno moja kwa kamati ambazo hazina mpango wa kubomoa, bali zinataka kulipendezesha kanisa la zamani. Msilipige ripu ya saruji. Najua inavutia, na fundi atawaambia itadumu. Udongo huvuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia uso wa ukuta. Saruji huuziba uso huo, maji yanabaki ndani, na tofali linaoza nyuma ya ripu inayong'aa, mpaka siku ukuta unapojitenga na kuanguka. Ukuta wa tope huuawa kwa maji ya juu na maji ya chini: upeni paa lenye kofia pana, chimbeni mtaro wa kupeleka maji mbali na msingi, zibeni njia za mchwa, na msiribe kwa udongo kama mama zetu walivyofanya. Nabii Ezekieli, sura ya 13, alikwishawakemea wanaoupaka ukuta dhaifu ili uonekane mzima, naye aliongea kama mtu aliyewahi kuona ripu ikibanduka kwenye mvua ya mawe.

Na ukuta ukikaguliwa, usikaguliwe kwa ajili ya sifa peke yake. Kuhani wa Walawi aliingia kutafuta pigo. Kuta zetu zina mambo ya kujivunia, na zina mengine. Huenda mtakuta mlango uliozibwa, na mzee akawaeleza kwamba ulizibwa baada ya ugomvi uliogawanya ushirika. Huenda mtaambiwa nani aliketi upande gani, na nani hakuruhusiwa kuketi. Sisi watu wa Kuria tunajua koo zetu zimewahi kumwagiana damu kwa ajili ya ng'ombe na mipaka ya mashamba. Waulizeni wazee kama siku hizo Mwirege na Mgumbe waliweza kuketi benchi moja ndani ya kuta hizo, na jibu lolote watakalotoa, liandikeni kama lilivyo. Agosti 1942 uamsho ulipoanza Shirati, watu walisimama kanisani wakakiri dhambi zao mbele ya wenzao, wamisionari wakiwemo. Kanisa linaloweza kusimulia dhambi zake halipungukiwi na kitu.

Sasa ombi langu. Ushirika wowote wa huku kwetu unaokusudia kubomoa kanisa la udongo, usibomoe kabla ya kufanya kile alichofanya kuhani. Toeni vyombo kwanza: mabenchi, mimbari, kengele, daftari za zamani, hata misumari iliyotundikiwa taa, na mviandike. Kijana mwenye simu nzuri apige picha kila ukuta, ndani na nje, asubuhi na jioni, maana mwanga wa pembeni ndio unaoonyesha alama za vidole. Mwalimu wa hesabu na wanafunzi wake wapime jengo lote na kulichora. Fundi akate sehemu ndogo ya ripu, matabaka yahesabiwe. Tofali moja zima lihifadhiwe mahali pakavu, pamoja na karatasi inayosema lilitoka ukuta upi. Kisha ngojeni juma zima kabla ya kushika sururu, kwa sababu watu hukumbuka mambo wakishaona kwamba jambo limekuwa la kweli.

Mkichimba msingi mpya na mkakuta vitu vya kale ardhini, vigae, zana za mawe, mifupa, simamisheni kazi. Sheria yetu ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inamtaka aliyegundua atoe taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7. Ni siku zilezile za Walawi, na kuna makavazi Kisumu.

Lililo kubwa ni majina. Wekeni mabenchi nje, karibu na ukuta, mchana mmoja baada ya ibada, na waleteni wazee wakiwa bado na sauti. Watakapougusa ukuta watawataja wenzao. Waulizeni nani alitoa shamba, nani alichimba udongo, nani alikata miti, nani alisiriba ukuta wa mashariki na nani wa magharibi, wasichana gani walipeleka maji. Andikeni kwa majina kamili, na majina ya baba zao na mama zao, na kijiji walichotoka, ikiwa ni pamoja na walioolewa upande wa Tanzania na hawakurudi.

Kanisa jipya likiisha litafunguliwa kwa bamba la marumaru, na bamba litakuwa na jina la mgeni rasmi, la askofu au mwenyekiti wa jimbo, na la mchungaji. Mwambieni mchongaji aache nafasi kubwa chini ya majina hayo, na orodha ya wasichana wa mtungi iwe mikononi mwake kabla hajaanza kuchonga. Kuikusanya kutachukua miezi. Anzeni na wale waliopita miaka 80.